Kutawanya na kutapanya: asili ya kitenzi “scatter” na mitego yake kwa mkalimani wa Goma

Ndugu wakalimani, walimu wa Kiingereza, mama na baba mliokuja kusikiliza tu, jambo kwenu nyote.

Tunaanza na mfalme aliyemaliza pesa. Katika nyumba ya watawa ya Peterborough, mashariki mwa Uingereza, watawa walikuwa na desturi ya kuandika habari za kila mwaka. Chini ya mwaka 1137 mmoja wao aliandika juu ya mfalme Stephen: alikuwa na hazina aliyoachiwa na mjomba wake Henry, lakini akaigawagawa na kuitawanya kipumbavu. (Mjomba hasa, ndugu wa mama yake, Kiingereza hakitofautishi mjomba na baba mdogo, sisi tunatofautisha.) Kitenzi alichotumia mtawa ni “scatered”. Hapo ni kati ya mahali pa kwanza kabisa ambapo “scatter” inaonekana katika maandishi ya Kiingereza.

Angalieni kilichotawanywa. Si mbegu, si kondoo, si umati wa watu. Ni pesa. Msemaji wa Kiswahili hashangai, maana tunalo neno “kutapanya”, na siku hizi linapotajwa watu hufikiria mali kwanza. Mwana mpotevu katika Luka 15:13, Biblia yetu inasema, alitapanya mali zake. Kigiriki cha Luka kinatumia hapo kitenzi kilekile ambacho Mathayo anakitumia kwa kondoo wanaotawanyika na kwa mtu anayemwaga mbegu. Kilatini kikaandika “dissipavit”, Kifaransa “dissipa”. Watu hawa hawakuketi pamoja kukubaliana. Kila mmoja aliona kitu kilekile: mali ni kama punje za mtama mkononi, na mkono umefunguka.

Sasa mtego wa kwanza. Leo hii, ukimwambia Mwingereza kwamba fulani “scattered his money”, ataona noti zimelala sakafuni. Ile maana ya mtawa wa Peterborough imehama, ikachukuliwa na kitenzi kingine, “squander”. Na “squander” yenyewe ilitembea kinyume. Katika miaka ya 1590 Shakespeare, katika tamthilia ya Mabepari wa Venisi, anamweka Shylock mkopeshaji aseme kwamba mfanyabiashara Antonio ana biashara nyingine “squandered abroad”: hakusema Antonio amezifuja, alisema merikebu zake zimetawanyika huko na huko baharini. Kwa hiyo “scatter” ilianza na kufuja, “squander” ilipita kwenye kutawanya, halafu zikabadilishana nguo. Mkalimani anayemsikia mzee akisema “walitapanya pesa za mradi” aseme “squandered”. Akisema “scattered”, mfadhili atauliza zimeanguka wapi.

Tuingie kwenye sauti, maana humo ndimo historia imejificha. Maneno ya zamani ya Kiingereza yaliyokuwa na “sk” yalilainika yakawa “sh”: ndiyo sababu tunasema “fish”, “ship”, “shirt”. Wadenmaki na wenzao waliohamia kaskazini na mashariki ya Uingereza kati ya karne ya 9 na ya 11 hawakuwa na ulaini huo. Wao walisema “sk”, na maneno waliyoyaacha yanasikika hadi leo: “sky”, “skin”, “skill”. Mara nyingine neno moja limebaki na sura zote mbili. “Shirt” ni shati, “skirt” ni sketi, na asili ni moja, nguo iliyokatwa fupi. Peterborough iko katika eneo lile lile lililotawaliwa na Wadenmaki. Wanaisimu wengi wanaona kwamba “scatter” na “shatter” ni ndugu wa namna hiyo, mmoja wa ulimi wa kaskazini, mwingine wa kusini.

Leo “shatter” ni kuvunja kitu vipandevipande, kama kioo cha gari kinapopigwa jiwe. Zamani haikuwa hivyo. Ilikuwa kutawanya tu. Hata mwaka 1637 mshairi Milton aliitumia kwa majani yanayopukutishwa. Ukifikiri kidogo utaona njia iliyopita: kitu kikitawanyika ghafla na kwa nguvu, ni kwa sababu kimevunjika. Mmoja akabaki na kuenea, mwingine akabeba kuvunjika.

Na lile “-er” la mwisho si la bure. Kiingereza kina kundi zima la vitenzi vyenye mwisho huo vinavyoeleza tendo dogo linalorudiwarudiwa: “patter” ni matone yanayogonga bati, “clatter” ni vyombo vinavyogongana, “flicker” ni moto wa mshumaa unaochezacheza. Sisi kazi hiyo tunaifanya kwa kurudia neno: katakata, tupatupa, gongagonga. Ndiyo maana kutawanya kwa “scatter” kuna mtikisiko ndani yake. Si mkono unaopanga, ni mkono unaorusharusha.

Mwalimu atauliza: wanafunzi wanakosea wapi katika sarufi? Mahali patatu, na la kwanza ni rahisi. Huwezi kutawanya jiwe moja. Kitu kinachotawanywa lazima kiwe kingi, au kiwe cha kumiminika kama unga, au kiwe kundi kama umati. Kiswahili kinalinda sharti hilo vilevile. Tazama jamii ya vitenzi vyetu vya “-anya”: kukusanya, kutawanya, kutapanya, kugawanya, kuchanganya. Vyote vinataka vitu zaidi ya kimoja. Mwisho huo umezaliwa kutokana na ule wa “-ana” tunaouona katika gawana, ukaongezewa nguvu ya kusababisha: watu wanagawana, mtu anagawanya. Yaani wingi umo ndani ya mwili wa kitenzi.

La pili: Kiingereza hakibadilishi sura ya “scatter” tendo linapojifanyia lenyewe. “The soldiers scattered the crowd”, “the crowd scattered”. Kiswahili kinaweka “-ika” mwishoni: walitawanya umati, umati ukatawanyika. Kifaransa kinadai “se”: “la foule s’est dispersée”. Mwanafunzi wa Goma aliyesoma masomo yake kwa Kifaransa huleta “se” hiyo na kuandika “the crowd scattered itself”. Futa “itself”. Ingawa, kwa haki, Waingereza nao walikuwa wakiiweka. Sheria yao ya ghasia, iliyopitishwa mwaka 1714 na kuanza kutumika tarehe 1 Agosti 1715, iliagiza kwamba watu 12 au zaidi wakikusanyika kwa fujo, ofisa awasomee tangazo la mfalme kwa sauti, na tangazo linawaamuru “disperse themselves” na warudi nyumbani kwa amani. Walipewa saa moja. Waliobaki 12 au zaidi baada ya saa hiyo walikabiliwa na hukumu ya kifo. Sheria hiyo ilifutwa katika karne ya 20. Ile “themselves” ilikuwa imekwisha kudondoka zamani katika usemi wa kawaida.

La tatu ni tamu kidogo. Kiingereza kinaruhusu mahali pawe ndipo panapotawanywa: “papers were scattered on the floor”, na pia “the floor was scattered with papers”. Wanafunzi wengi huikataa sentensi ya pili, wanadhani ni kosa. Waambieni wasikilize Kiswahili chao: karatasi zimetapakaa sakafuni, sakafu imetapakaa karatasi. Damu imetapakaa mwilini. Mwili umetapakaa damu. Ni mchezo uleule. Kitenzi “strew” kinacheza hivyo pia, na sura yake ya “strewn” ndiyo mtakayokutana nayo zaidi. Pale Kifaransa kinaposema “jonché de”, hiyo “strewn with” inakaa vizuri. Lakini “disperse” haichezi. Hakuna “the floor was dispersed with papers”.

Na hapo tumefika kwa “disperse”, ambayo ndiyo inayotuchosha wakalimani, kwa sababu tunaijua mno. Imetoka Kilatini “dispergere”: “dis-”, huku na huku, na “spargere”, kunyunyiza au kumwaga. Kilatini hicho kimezaa jamii kubwa. “Sparse” ni kitu kilichonyunyizwa kwa uchache, ndiyo “épars” ya Kifaransa. “Intersperse” ni kunyunyizia katikati ya vitu vingine. “Aspersion”, kila Mkatoliki aliyeko hapa ameipata usoni: padri anapita na maji ya baraka, anawanyunyizia watu. Kiingereza kimeigeuza, mtu akisemwa kwamba “casts aspersions” hanyunyizii baraka, anamchafua mwenzake jina. Maji yale yale, ndoo nyingine.

Ile “dis-” ijifunzeni peke yake, itawafungulia milango mingi. “Disseminate” ni kupanda mbegu huku na huku, kutoka “semen”, mbegu. Kwa hiyo ni kusambaza habari au ujuzi kwa nia kwamba utaota. “Dissipate” ni kurusha huku na huku hadi kitu kiishe, kama joto, moshi, nguvu. “Dispel” ni kusukuma mbali, kutoka “pellere”, na inachukua hasa vitu vya kichwani: shaka, hofu, uvumi. Hapa Kifaransa kinatuponza. “Dissiper un malentendu” si “dissipate a misunderstanding”. Sema “clear up”, au kwa shaka na uvumi sema “dispel”. Anayeeneza uvumi “spreads” na anayeufuta “dispels”. Ukiandika “disperse the rumours” msomaji ataelewa kwamba umezidi kuzisambaza.

Tofauti ya “scatter” na “disperse” tuieleze kwa mambo yaliyotokea mbele ya macho ya mji huu. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka. Watu wakashika njia yoyote iliyo mbele yao, wengine mpakani kuelekea Gisenyi, wengine njia ya Sake. Familia ziliachana njiani. Hiyo ni “people scattered”: ghafla, bila mpango, kila mtu upande wake. Tarehe 27 Mei ikatoka amri ya kuondoa watu katika sehemu ya mji. Hiyo si “scatter” na si “disperse”, ni “evacuate”, kwa sababu ina aliyeamuru, ina sehemu iliyotajwa na ina upande wa kuelekea. “Disperse” inakaa katikati: umati uliokuwa mahali pamoja unakoma kuwa umati, kwa utaratibu au kwa kulazimishwa, na hatuulizi kila mmoja ameishia wapi. Mkutano umekwisha, watu wanarudi nyumbani: “the crowd dispersed”. Bomu la machozi limeanguka, viatu vimebaki barabarani: “the crowd scattered”, hata kama taarifa ya polisi itaandika “dispersed”. Mkalimani asimsahihishe polisi; lakini akitafsiri maneno ya mama aliyekimbia, achague kitenzi cha mama.

Kosa lililo ghali zaidi kwetu ni hili. “Personnes déplacées” tunazitaja kila siku. Kiingereza chake ni “displaced”, yaani waliotolewa mahali pao. Kiswahili tunasema wakimbizi wa ndani. Tumeona rasimu zenye “dispersed persons”. Watu waliojaa katika kambi moja, hema juu ya makoro, yaani mawe ya lava, hawakutawanyika hata kidogo, wamebanana. Kosa la herufi chache linaweza kumfanya msomaji wa mbali afikiri kwamba hakuna mahali pa kupeleka maji.

Walimu wa fizikia, nanyi hamkusahauliwa. Kifaransa kinasema “diffusion de la lumière” pale Kiingereza kinaposema “scattering”: mwanga unagonga molekuli za hewa na kurushwa kila upande. Mwaka 1871 mwanafizikia Mwingereza Rayleigh alionyesha kwamba kiasi kinachorushwa kinapungua kwa kipeo cha nne cha urefu wa wimbi. Piga hesabu: bluu ya nanomita 450 na nyekundu ya nanomita 700. Gawanya 700 kwa 450, unapata 1.56 hivi, ipandishe kwa kipeo cha nne, inakaribia 6. Bluu inarushwa karibu mara sita kuliko nyekundu, basi mbingu juu ya ziwa Kivu ni ya bluu mchana, na jua linapozama, mwanga ukipita hewa ndefu, bluu imekwisha kuchujwa njiani na nyekundu ndiyo inayotufikia. Lakini “dispersion de la lumière”, ule mchezo wa mche wa kioo unaotenganisha rangi, Kiingereza kinauita “dispersion” vilevile. Kwa hiyo: “diffusion” ya mwanga igeuze iwe “scattering”, “dispersion” iache kama ilivyo. Kwa Kiswahili cha darasani tunapendekeza kutawanya mwanga kwa la kwanza na kutenganisha rangi kwa la pili. Ukiyaita yote mtawanyiko, mwanafunzi atachanganya mbingu na upinde wa mvua.

Na katika takwimu, kile ambacho Kifaransa kinakiita “nuage de points”, wingu la nukta, Kiingereza kinasema “scatter plot”. Hakuna wingu.

Nomino pia zinachongoka. Kifaransa kina “dispersion” moja kwa mambo mengi. Kiingereza kinatofautisha “dispersal”, tendo la kutawanya au kutawanyika, kama mbegu zinazopelekwa na upepo, na “dispersion”, hali au kipimo, kama namba zinavyokaa mbali na wastani. Mbegu ni “dispersal”. Namba ni “dispersion”.

Turudi kwenye mbegu, maana Kigiriki kinatungoja. Kupanda mbegu, Kigiriki ni “speirein”. Weka mbele “dia”, kupenya huku na huku, unapata “diaspora”. Neno hili limo katika tafsiri ya Kigiriki ya Kumbukumbu la Torati 28:25, na Waraka wa Yakobo unaanza kwa kuwasalimu wale walio katika “diaspora”. Biblia ya Kiswahili ikasema kwa unyofu kabisa, waliotawanyika. Sisi leo tukisema “ba diaspora” tunamaanisha ndugu wa Brussels wanaotuma pesa. Ndani ya neno bado kuna mkulima. Mjukuu mwingine wa Kigiriki hicho ni “sporadic”, na huyu anapita kila siku katika taarifa za usalama na za afya: “sporadic gunfire”, “sporadic cases”. Msiseme risasi zilizotawanyika. Semeni risasi za hapa na pale, wagonjwa wa mmojammoja wasiohusiana.

Kiingereza nacho kina neno la shamba lililopanda mnara wa redio. Katika karne ya 18 “broadcast” lilieleza namna ya kupanda: hukufukia punje katika mstari, unachota konzi na kurusha kwa mkono mpana. Kifaransa kinasema “à la volée”, mkulima wetu anasema kumwaga mbegu. Kila mtu wa Masisi anajua hasara ya kumwaga: mbegu nyingi zaidi, miche inabanana upande mmoja na upande wa pili uko wazi, na kupalilia kwa jembe ni mateso kwa sababu hakuna mstari wa kufuata. Miaka ya 1920 redio ilipohitaji kitenzi, walichukua hicho. Inafaa: unarusha, hujui itaangukia sikio gani. Nasi tunasema kurusha matangazo, na hatukukopa kwa mtu.

Kiswahili chetu kina utajiri ambao unampa mkalimani wa Kiingereza kazi ya kuchagua, na si kila neno la kuenea ni “scatter”. Kusambaza kuna anayepokea, kwa hiyo ni “distribute” au “disseminate”. (Sambaza wa ziwani, wale samaki wadogo walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, si kitenzi, tumewahi kusoma tafsiri ya mashine ambapo mama aliuza “spread” kwa rundo.) Kutandaza kuna mpangilio: turubai, mkeka, samaki wanaoanikwa juani, hiyo ni “spread out”. Kunyunyiza ni “sprinkle”, chumvi na maji. Kumwaga unga kwa bahati mbaya ni “spill”, na hata unga ukifika mlangoni haugeuki kuwa “scatter”, kwa sababu umetoka kwa mkupuo mmoja. Kuzagaa ni “lie scattered”, vitu vimekaa ovyo na hakuna anayeulizwa nani aliviweka. Anayesikia Lingala “kopanza” asubiri kitakachofuata kabla ya kufungua mdomo: neno hilo linabeba kutawanya watu na kubomoa kilichojengwa, na Kiingereza kitataka maneno mawili.

Hotuba za kanisani zina Babeli, Mwanzo 11:8: Mungu akawatawanya. Biblia ya Kiingereza ya 1611 inasema “scattered them abroad”, ile ya Kifaransa ya Segond “les dispersa”. Hiyo “abroad” si ng’ambo ya bahari. Zamani ilimaanisha mbali na kwa upana tu, kama ile ya Shylock. Mkalimani wa ibada akiitafsiri “akawatawanya Ulaya”, kanisa litacheka, na muhubiri hatajua kwa nini.

La mwisho ni la wale mnaotafsiri taarifa za hali ya hewa kwa ajili ya wavuvi na wenye mitumbwi. “Scattered showers” si mvua iliyotawanywa, wala mvua kidogo. Ni mvua fupifupi zinazopiga mahali fulani na kuacha pengine, na kati yake kuna mapengo makubwa ya ukavu. “Isolated showers” ni chache zaidi ya hizo, “widespread” ni karibu kila mahali. Andikeni “mvua za hapa na pale”. Hapa mjini inaweza kunyesha mtaa wa Himbi, na mtaa wa Majengo pakabaki vumbi, na mama wa Majengo aliyeanua nguo zake hataweza kusema kwamba redio ilimdanganya.